Matofali Meusi ya Mbele

Mdogo wangu Wafula alitaka jibu kabla ya Jumatatu. Mafundi walikuwa tayari kuibomoa nyumba ya matofali aliyoijenga marehemu baba kwetu Bungoma, vyumba viwili tu, ili pajengwe ya kisasa. Mama, anayeishi humo, hataki kusikia. Mimi ni kifungua mimba, basi neno la mwisho nikaangushiwa mimi huku Marekani. "Dada, sema tu yes," Wafula alinihimiza kwenye simu. "Hiyo kitu inatuaibisha."

Kichwa kiliniuma wiki nzima. Kisha, kwenye kalenda ya jikoni kwa bibi mzee ninayelipwa kumtunza, nikaona picha ya nyumba ndogo ya walowezi wa kwanza wa Maryland. Ilifanana na ya baba, ila hii watu huenda kuitazama kwa hiari yao.

Jumamosi asubuhi nikapanda treni kituo cha Wheaton kwenda kuiona. Takoma Park nilishuka kungoja basi, nalo lilichelewa hadi nikamaliza chapati niliyofunga ya mchana. Baadaye maduka yakapungua, miti ikazidi. Dereva aliponiambia ndipo hapa, nilidhani ananitania, maana mbele yangu palikuwa na nyasi na kajumba tu.

Mlangoni alinipokea mwongozaji, mama Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni. Kusikia natoka Kenya, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mama." Sisi watu wa bara hatuna mazoea hayo. Nikamjibu, "Mzuri," na kwa ustaarabu wake hakucheka.

Ndani mna chumba kimoja chini na kingine darini. Ngazi imesimama wima, nikaipanda kwa mikono na miguu. Kuta ni nene, madirisha madogo, na meko ni mapana kuliko kitanda changu. Niliipenda nyumba ile bila sababu ya maana, hata ubaridi wake.

Tulipotoka nje ndipo nikautazama vizuri ukuta wa mbele. Tofali moja jekundu limelazwa kwa urefu, linalofuata limekingamishwa, kichwa chake, ile ncha fupi, kikitazama nje, na vichwa vyote ni vyeusi, vinang'aa. Kwetu, matofali yaliyoungua hivyo kwa kukaa karibu mno na moto wa tanuri hufukiwa kwenye msingi. Baba aliyapanga mbele, juu ya mlango, na kijiji kizima kinasema mzee aliishiwa na mazuri. Nikamuuliza mwongozaji kama na hawa waliishiwa.

"Hapana, mama. Waliyachagua. Hilo lilikuwa pambo." Akaugusa ukuta. "Waliofyatua na kuchoma ni watumwa, watu wangu. Majina yao hatuna."

Nililia pale pale, na sioni haya kusema. Baba yangu alifyatua yake mwenyewe, na jina lake tunalo.

Safari ya kurudi, nikiwa bado kituoni, nilimpigia Wafula. Nikamwambia asibomoe, hiyo ya kisasa aijenge kando, shamba halijaisha. Alinuna, akasema nimeanza uzungu. Mama akamnyang'anya simu, nami nikamuuliza habari ya matofali meusi.

"Nani aliishiwa?" akasema. "Mimi ndiye niliyeyataka. Yalikuwa yanang'aa." Kisha akauliza, "Na hiyo ya huko, analala nani ndani?"

Nikamwambia hakuna mtu, jioni hufungwa.

"Maskini," akasema mama.