Siku Niliyohesabu Ng'ombe kwa Kipaza Sauti

Kuna kona moja pale mnadani Ngaramtoni ambayo mpaka leo nikiipita nageuza shingo upande wa pili kama mtu anayetafuta duka la viatu, na upande ule hakuna duka la viatu. Aibu niliyoipata hapo niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, tena nikakaribisha watu.

Mimi ni afisa TEHAMA wa halmashauri (ile kazi ambayo kila jirani anakuletea simu yake iliyoingia maji). Tulikuwa tunahamisha vibali vya kusafirisha mifugo kutoka kwenye daftari kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, na mimi ndiye niliyepewa kuyaongoza mabadiliko hayo. Na mabadiliko nilikuwa nayajua, jamani, nilikuwa nayafundisha! Semina ya siku mbili, soda na sambusa, na slaidi moja yenye herufi kubwa: SHIRIKISHA WADAU. Maana yake ni rahisi, wala usitishike: kabla hujabadilisha kazi ya mtu, muulize anaifanyaje.

Sasa, aliyekuwa akiandika vibali pale mnadani miaka yote ni Mama Naishiye, mama wa Kiarusha aliyekaribia kustaafu. Nilipoandaa kikao cha kutengeneza fomu ya mfumo nikajisemea, huyu mama ana maneno mengi, ukimuuliza kitu kimoja ataanzia kwa ng'ombe wa marehemu baba yake, na mimi nataka kurudi nyumbani Njiro kabla ya foleni ya magari. Nikafuta jina lake kwenye orodha. Jina moja tu.

Siku ya uzinduzi tukafunga hema, viti tukavivika vitambaa, spika mbili kubwa kama makabati. Mkurugenzi wangu alikuwa njiani, na jana yake alishaniambia, "Vero, wafugaji wakiukubali hapa, tunaupeleka minada yote na wewe ndiye msimamizi. Wakiukataa, mradi unafungwa." Basi nikaona, ngoja nimhudumie mtu wa kwanza kabla bosi hajafika, akute mambo yanatembea. Nikamwita Mzee Lomayani, aliyekuwa mbele kabisa na ng'ombe wake wamesimama kando ya hema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti."

Jina likaingia. Kijiji kikaingia. Watu wakapiga makofi, nami kichwa kikavimba, nikauliza kwenye kipaza sauti, mnada mzima ukisikia: "Haya mzee wetu, una ng'ombe wangapi?"

Makofi yakakatika.

Kama hujui, nikueleze taratibu, kama ambavyo mimi ningeelezwa laiti ningeuliza. Wazee wa Kiarusha hawataji hesabu ya mifugo yao hadharani, maana kutaja idadi ni kuita balaa lije lipunguze. Mtu anawajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. (Mimi nimezaliwa Moshi, kwetu ng'ombe ni wawili bandani, mtoto wa chekechea anakutajia.)

"Wapo," akasema Mzee Lomayani.

"Wapo wangapi?"

"Si unawaona?"

Nikadhani mzee amesahau, masikini, anaona haya. Na mfumo ulikuwa umegoma, kisanduku cha idadi kimewaka rangi nyekundu, hausogei bila namba (nani aliuweka ule ulazima? Mimi, na nilijisifu). Kwa hiyo nikaamua kumsaidia. Nikatoka nje ya hema na kipaza sauti changu, nikanyoosha kidole, nikaanza, "Mmoja! Wawili! Watatu!" Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na furaha.

Kwenye watano nikasikia mama mmoja akisema, "Yesu wangu!" Kwenye sita Mzee Lomayani alishawageuza ng'ombe wake, na foleni yote nyuma yake ikageuka naye, fimbo kwa fimbo, vumbi likapanda. Nikawakimbilia, bado niko hewani: "Wazazi wangu, rudini, sijamaliza!"

"Kahesabu majirani zako!" akajibu mtu ndani ya vumbi.

Mkurugenzi aliposhuka kwenye gari alikuta hema, viti, spika, na mimi.

"Watu wako wapi?"

Mama Naishiye alikuwa amekaa nyuma anatafuna karanga. "Amewahesabu wakaisha," akasema.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikavuta kiti, nikamuuliza mbele ya bosi, "Mama, wewe ulikuwa unaandikaje?"

"Mzee ananitajia. Mwekundu mwenye baka. Mweusi aliyevunjika pembe. Kila mmoja na mstari wake. Akimaliza, najumlisha mwenyewe, mdomo umefungwa. Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani una maneno mengi."

"Ninayo mengi sana, mwanangu. Hayo ndiyo yalikuwa kwenye daftari."

Mkurugenzi akatupa wiki mbili. Kisanduku tukakifuta, tukaweka mistari ya rangi na alama, na kompyuta inajumlisha kimyakimya. Kisha Mama Naishiye akanipeleka kwa Mzee Lomayani na sukari na majani ya chai. Mzee hakunigombeza. Alinitembeza zizini, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, nani kazaliwa na nani, mpaka miguu ikafa ganzi. Mwisho akasema, "Sasa nenda kaifundishe hiyo mashine yako."

Mnada uliofuata akaja wa kwanza, akataja wote, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake. Mfumo umepelekwa minada yote. Msimamizi ni Mama Naishiye, kaongezewa mkataba. Mimi nambebea kompyuta.

Nimeapa sitafuta tena jina la mtu kwa kuwa ana maneno mengi. Sasa orodha zangu zinaanza na huyo. Na wewe unayeanza mradi wako kesho, usiogope, si kazi ngumu. Kaa na anayeijua kazi, msikilize mpaka chai ipoe. Utapoteza asubuhi moja. Mimi nilipoteza mnada mzima, saa nne kweupe.