Gauni la Buluu Tumboni mwa Kondoo

Mama mkwe wangu alikufa mzee kabisa, na watu walimlilia sana. Mimi nilipika chai ya matanga, nikaosha vikombe, na chozi halikunitoka. Mavi ya kale hayaachi kunuka, wahenga walisema, na haya yangu bado nayasikia puani. Anayetaka habari za mkwe mwema na aende kwa jirani.

Kufuma nilifundishwa Kitale, kwenye shamba la mahindi la Mzungu ambako mume wangu alikuwa mpishi. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu. Memsabu, mke wa huyo Mzungu, alikuwa na mtoto mdogo wa kike, mlizi ajabu, akataka kondoo wadogo wa sufu wa kumnyamazisha, ndipo akanifundisha mimi ili asihangaike mwenyewe. Sindano zake sikuruhusiwa kuzigusa. Mume wangu alininolea spoki mbili za baiskeli kwenye jiwe, na kwa hizo nikafuma. Unaanza mwili kwa vitanzi vichache, unaongeza ukifika tumboni, unapunguza shingoni. Miguu unaifuma peke yake na kuishona mwishoni. Halafu unashindilia vitambaa mpaka tumbo likaze, maana kondoo asiyeshindiliwa hasimami, anaanguka kama mlevi.

Nilipopata mimba nilirudishwa nyumbani Kanduyi, kwa mama mkwe, nizalie huko. Nikazaa msichana. Akapewa jina la marehemu mama yake mkwe wangu, kama desturi yetu ilivyo, na tangu siku hiyo bibi huyo hakumwita mtoto kwa jina lingine ila "mama". Mama amelala, mama hajashiba, mbona unamwacha mama analia. Ungemsikia ungedhani mimi ni yaya niliyeajiriwa kumlea mzazi wake.

Kufuma sikuacha. Mume wangu akija nyumbani alirudi Kitale na kondoo wangu kwenye kikapu. Safari moja vitambaa viliniishia, kondoo mmoja bado tumbo wazi, na mume yuko mlangoni anaondoka. Mkwe wangu alikuwa na gauni la buluu lenye maua meupe, limechakaa, amelitupa mwenyewe kwenye ua. Nikalichana, nikashindilia, nikashona. Nilijua, kama kila mtu kwetu anavyojua, kwamba nguo iliyokaa mwilini mwa mtu haitoki kwenda mikononi mwa wageni, wala nywele zake, wala kucha. Mwenye nia mbaya akipata hivyo amempata mtu mwenyewe. Lakini nilikuwa na haraka, na lile lilikuwa tambara la kwenye ua. Nani angetafuta uchawi ndani ya kondoo wa kuchezea?

Yeye. Mvua zilipoanza mguu wake ulivimba, akalala kitandani, akauliza gauni lake liko wapi. Nikamwambia ukweli, mjinga mimi. Alipiga mayowe boma zima likaja. Ati nimemtia kwenye tumbo la mnyama nikampeleka kwa Wazungu aishe polepole. Ati mimi mchawi! Mimi niliyeukanda huo mguu kwa maji moto asubuhi na jioni! Akutukanaye hakuchagulii tusi, sawa, lakini hilo kwetu si neno la kusema na kusahau. Kwa hilo mtu huchomewa nyumba.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua. Niende Kitale nimlete yule kondoo, apasuliwe mbele ya mgonjwa, na kitambaa kichomwe moto. Nikimkosa, nirudi kwa baba yangu Kibabii, na mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Nikawaomba basi niende naye, bado ananyonya. Mkwe wangu akajibu kutoka kitandani kwamba mama yake hapandi lori.

Nikaondoka peke yangu, juu ya magunia, kupitia Kimilili, mvua inaninyeshea na maziwa yananiuma kifuani. Lori lilikwama matopeni mpaka tukazoea. Nilipofika shambani na kumweleza mume wangu kilichonileta, alitazama viatu vyake. Ati nisimharibie kazi. Ati mama hawezi kusema kitu bila sababu. Nikamwambia akae na kazi yake, na tangu hapo sikumtegemea kwa jambo lolote zaidi ya chumvi.

Nikaenda mwenyewe mlango wa nyuma. Memsabu alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akasema kwa kile Kiswahili chao, "Mtoto nalala na hii kondoo. Hapana chukua." Nikamwambia nitamfumia mwingine pacha wake. Akasema mtoto atajua. Nikasema hatajua. Basi akaniketisha kwenye ngazi za jiko, akanipa uzi, akawa anakuja kunisimamia kichwani. Masikio hayafanani na ya yule, fumua. Nikafumua. Shingo nene, fumua. Nikafumua. Nilimchukia kila alipofungua ule mlango. Alifikiri nina wazimu, mwanamke mzima kutoka Kanduyi kuja kulilia mwanasesere, na sikuwa na Kiswahili cha kumweleza, wala yeye hakuwa na masikio ya kunisikiliza.

Siku alipokosa kasoro, alimpa mtoto yule mpya. Mtoto akamkumbatia palepale, akaanza kumnyonya sikio. Memsabu akaniletea yule wa zamani akimshika kwa vidole viwili kwa sababu ya mate. Hakusema asante, na mimi sikusema.

Niliondoka Kanduyi mwezi ukiwa mchanga, nikarudi umeshajaa. Maziwa yalikuwa yamekauka. Mkwe wangu alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, mguu umenyooshwa juu ya gogo, mtoto wangu mapajani pake, amenenepa, amevalishwa shanga ambazo si mimi niliyemvalisha. Aliniangalia kama anavyoangaliwa muuza sufuria.

Wazee wakaitwa. Mmoja wao, ndugu yake marehemu baba mkwe, akampasua kondoo kwa kisu cha kuchinjia ng'ombe. Gauni la buluu likatoka vipande vipande, na maua yake meupe yote. Waliokuwepo wakarudi nyuma, mpaka watu wazima wenye ndevu. Mzee akaviweka vile vipande chini karibu na mguu wa mgonjwa, akaingia jikoni kutafuta kaa la moto.

Mtoto akapiga chafya. Kamasi zikamfika mdomoni. Mkwe wangu akainama, akaokota kipande kimoja cha lile gauni, akampangusa pua. Alimpangusa taratibu, pande zote mbili, kisha akakikunja kile kitambaa kutafuta upande safi na kumpangusa tena.

Kwetu mke hamhoji mkwe wake mbele ya wazee. Nilimhoji.

"Mama, hicho si ndicho kilichokuwa kinakuua?"

Akakitazama mkononi mwake. Nilimchungulia uso nione hofu, hata kidogo tu, kwa sababu hofu ningeielewa. Na mimi nimelelewa nayo, na mtu anayeogopa kufa ningeweza kumsamehe matusi yake yote. Haikuwepo. Alikuwa na hasira tu, kama mtu aliyefika sokoni akakuta soko limefungwa.

"Wenzako wakienda Kitale kwa waume zao hawarudi," akasema.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kaa lake la moto. Akalitupa uani na kuniambia nichukue mtoto wangu.

Nikamtoa mapajani pake. Mtoto akajirusha nyuma, akamnyooshea yule mwanamke mikono yote miwili, akalia, na njia nzima mpaka ndani ya nyumba yangu alinipiga kifuani nimrudishe.