Muuaji wa Wezi Barazani kwa Jirani

Jirani yetu pale Mlabani alikuwa mtu wa kwanza mtaani kununua televisheni, nami nilimchukia kabla hata hajaiwasha. Alikuwa na duka la misumari, rangi na kamba karibu na soko. Kila Jumapili baada ya misa aliitoa televisheni barazani, akawasha jenereta na kuweka kanda za polisi na majambazi alizoletewa kutoka Dar es Salaam. Sisi tulikaa kwenye mikeka. Yeye alikaa kwenye kiti na kutafsiri, maana alidai anajua Kiingereza. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kusoma maandishi ya makopo dukani kwake.

Sikutaka kwenda. Miezi michache kabla, kaka yangu alikuwa amepigwa hadi kufa mbele ya duka hilohilo, eti kaiba baiskeli. Baiskeli ilikuwa yake. Alichuuza samaki wakavu kutoka kijiji cha Mofu, na wakati wa mafuriko alivushwa nayo kwenye mtumbwi, ikaliwa na kutu mpaka akaamua kuipaka rangi mpya, ya kijani. Mjini kwetu baiskeli kuukuu yenye rangi mpya haikuhitaji shahidi mwingine. Mtu mmoja akapiga kelele ya mwizi, wengine wakaokota mawe, na hakuna aliyesubiri jibu.

"Tusipokwenda watasema tunaona haya," alisema Mama. "Na mimi sikuzaa mwizi."

Tukaenda. Nilitaka kitu kimoja tu katika mtaa ule: mtu yeyote aseme mbele ya wenzake kwamba kaka yangu hakuiba. Hakuna aliyewahi kusema. Walikuja msibani, wakala wali wetu, wakatuambia ni kazi ya Mungu. Jirani alileta gunia zima la mchele na watu wakamsifu. Mungu gani huyo anayeokota mawe sokoni?

Picha ya siku ile ilikuwa ya Mzungu mmoja mpole, fundi saa, aliyechoka kuona mahakama ikiwaachia wahalifu. Akaanza kuwaua mmoja mmoja. Kila alipoua, baraza lilishangilia.

"Stelingi huyo!" walipiga kelele vijana, kama walivyomwita shujaa wa kila picha. "Siku za mwizi ni arobaini!"

Kaka yangu hakupewa hata moja. Niliwatazama wale wanaopiga makofi, na baadhi yao nilijua walikuwa wapi siku aliyouawa. Mikono ilikuwa ileile.

Mwishoni mpelelezi akamkamata fundi saa, akamwekea mezani picha ya mtu wa mwisho aliyemuua. Nilikuwa kidato cha tatu na Kiingereza changu hakikuwa cha kujivunia, lakini maneno yale yalikuwa mepesi. Alimwambia kwamba mtu huyu hakuwa na kosa lolote. Muuaji akafunika uso kwa viganja.

Jirani akatafsiri, "Askari anamwambia asante, umetupunguzia kazi."

Makofi yakalipuka. Nikasimama.

"Mwongo! Anamwambia ameua mtu asiye na kosa!"

"Binti, kaa chini," alisema jirani.

"Unatuziba!" mtu alifoka kutoka nyuma.

"Sikai! Umeona aibu kulisema hilo, kama ulivyonyamaza wakati kaka yangu anauawa mlangoni pa duka lako."

Mama alinivuta gauni. Jirani alikwishasimama, amevimba kwa hasira, maana hakuzoea kusutwa na mtoto mbele ya wageni wake. Nadhani hakukusudia kusema alichosema.

"Sasa ningefanya nini?" alifoka. "Nilijua baiskeli ni yake! Rangi nilimuuzia mimi mwenyewe, kopo nikamfungulia kwa mkono wangu. Lakini watu walikuwa wameshachachamaa. Ningetia mdomo wangenigeukia mimi. Ulitaka nife mimi?"

Neno nililolisubiri tangu tuzike lilikuwa limetamkwa kwa sauti kubwa, na mtaa mzima umelisikia. Nilitazama nyuso moja baada ya nyingine nikitafuta hata mtu mmoja wa kumgeukia Mama na kumwambia pole. Walitazama miguu yao. Mama alikuwa amekaza macho kwenye televisheni. Nilimchukia jirani, lakini wakati ule niliwachukia wao zaidi.

Kisha mwanamume mmoja, baba wa watoto wanne niliosoma nao, akakohoa.

"Mzee," alimwambia jirani, "hebu rudisha nyuma kidogo. Kelele za huyu zimetukosesha mwisho."

Jirani akainama, akairudisha kanda. Walipofika pale pa mpelelezi akatafsiri vilevile, na wakapiga makofi tena.