Siku Kompyuta Yangu Ilikoroma Ndani ya Kiondo Kule Kitisuru

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu nusu ya Kangemi tayari wanajua hii hadithi na ile nusu nyingine wameambiwa vibaya, kuna hata wanaosema ati nilishikwa nikiiba. Sikuiba. Nilichofanya hakina kesi kortini, lakini aki afadhali kingekuwa na kesi, ningefungwa, nitoke, watu wasahau.

Mimi naitwa Mumbi na nina duka dogo Ngara, ghorofa ya pili, ambapo nauza na kutengeneza kompyuta za mitumba. Kanisani kwetu Kangemi mimi ndiye nilikuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Projekta ikikataa, itwa Mumbi, mzee wa kanisa akisahau neno lake la siri, itwa Mumbi, na nilizoea kabisa kuona watu wakigeuza shingo kunitafuta. Halafu kukawa na Mwende. Mwende ni rafiki yangu tangu chuo, kwao ni Machakos, mtu mpole ambaye hapigi kelele hata akikanyagwa, na mimi ndiye nilimfundisha kufungua kompyuta mara ya kwanza, nikimshikia tochi na kumwambia ni skrubu gani haiguswi (hiyo sehemu ya tochi nilikuwa naikumbuka kila siku, kama mtu aliyemkopesha mwenzake sufuria).

Basi Mwende akaleta zile kompyuta za bodi moja, zile ndogo za bei nafuu ambazo kila kitu kiko kwa kipande kimoja unachoweza kufunika na kiganja. Akazifunga nyuma ya skrini kuukuu kumi katika ukumbi wa kanisa, akaweka ule mfumo mwepesi wa bure uitwao Linux, na vijana wakaanza kuandika barua za kazi na kufanya masomo pale bila stress. Jumapili moja pasta akamsimamisha mbele. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga pia, lakini kwa vidole tu. Hata ile karatasi aliyobandika kwa kila skrini, "Nambari 1", "Nambari 2", ilinikasirisha, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri.

Kisha Mama Waithera, mama mmoja wa kanisa anayekaa Kitisuru, mtaa wa wenye pesa, na mwenye moyo wa kusaidia, akaandika kwa grupu ya kanisa kwenye simu kwamba angependa kugharamia maktaba ya kompyuta kama zile kwa shule moja hapo Kangemi, na akauliza kama zinaweza kuendesha ule mfumo wa ofisini ambao walimu wamezoea. Mwende akajibu polepole, kwa ukweli, vile yeye hufanya: "Kwa bodi hizi ule mfumo ni mzito, lakini huu mwepesi una karibu kila kitu watakachohitaji."

Hapo ndipo mimi, nikiwa nimekalia stuli dukani na kikombe cha chai, niliamua kuandika maneno manne tu. "Inawezekana. Mimi huwa naziwekea."

Sikuwa nimewahi kuweka hata moja.

Mama Waithera akafurahi sana. "Mumbi, hiyo ni habari njema! Njooni wote wawili Jumamosi mchana mtuonyeshe." Nikatuma kidole gumba. Nikanunua bodi siku hiyo hiyo, nikashusha ule mfumo mzito, nikauweka kwa kadi ya memori, nikawasha na chaja ya simu. Jameni. Iliwaka, siwezi kudanganya, iliwaka kweli, lakini ukibonyeza kitu unaweza kuosha vikombe, ukavipangusa, ukarudi ukute bado inafikiria. Kwa kona kukawa kunatokea kialama cha radi, cha kuonyesha stima haitoshi. Nikaigusa, ikanichoma kidole. Kufika Ijumaa saa tisa ilikuwa imejizima mara sita na mimi nilikuwa nimeongea nayo kwa Kikikuyu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Sasa mtu mwenye akili angepiga simu aseme, "Samahani, nilikosea." Mimi niliangalia rafu yangu nikaona kompyuta moja ya mezani, ile aina ndogo, saizi ya Biblia ya mimbarini, yenye ule mfumo wa ofisini umetulia ndani. Na pembeni palikuwa na kiondo changu kikubwa, kikapu cha kamba ambacho hiyo kompyuta ingeingia yote.

Jumamosi nilifika Kitisuru wa kwanza, makusudi. Nikamwambia Mama Waithera niachiwe nafasi nipange mitambo, akaenda jikoni. Nikaweka kiondo chini ya meza, ile kompyuta ikiwa ndani, nikaichomeka kwa soketi ya ukutani, nikakifunika kiondo na shuka, kitambaa cha meza kikafunika shuka. Kebo ya kweli ya TV ikatoka kwa kiondo ikapita nyuma. Juu ya meza nikaweka kale kabodi, peke yake kama bibi harusi, kakiwaka taa nyekundu, na kebo ya pili ya TV ambayo ilitoka kwake ikashuka nyuma ya kitambaa na haikuenda popote. Kibodi na panya vilikuwa vya bila waya. Nilijiangalia kwa kioo cha ukutani nikajipenda.

Walikuja kama watu tisa: pasta, wazee wawili wa kanisa, mwalimu mkuu wa ile shule, Mwende na kisanduku chake, na kwa kiti cha pembeni akaletwa mama mzazi wa Mama Waithera, shosho wa miaka themanini na kitu ambaye kila mtu alidhani amesinzia.

Mwende alitangulia. Akaonyesha yake, ikafanya kazi, akasema wazi kile isichoweza. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kidogo. Nikaona nafasi yangu, nikasimama.

Na nilikuwa moto! Nikafungua barua, nikafungua jedwali la alama za wanafunzi, nikacheza video, vyote pamoja, bila kukwama. "Na hii yote," nikasema nikikaelekezea kabodi mkono kama watu wa matangazo, "ni hako kadude tu." Wazee wakasema eh! Mwalimu mkuu akatoa kalamu akaanza kuandika. Nikamwangalia Mwende nikitaka nimwone akiumia, lakini yeye alikuwa ameinama anaangalia kabodi kwa furaha, ati anataka kujifunza. "Mumbi, uliipoza na nini?" akauliza. "Yangu ingekuwa imeshaungua." Nikajibu, "Ni mpangilio tu," neno ambalo fundi husema akiwa hana jibu.

Basi shosho akaamka. "Hebu nikaone hako," akasema, na kabla sijafika alikuwa amenyoosha mkono akakachukua. Waya wa stima ukachomoka. Taa nyekundu ikazima. Akaendelea kuvuta, kebo ikaja, ikaja, ikatoka yote nyuma ya kitambaa mpaka ncha yake ikaning'inia hewani mbele ya watu wote, haijashikana na kitu.

Kwa TV, video ikaendelea kucheza.

Sebule ikanyamaza. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye imani kubwa, akasema, "Bwana asifiwe, hata bila stima!" Na ningeponea hapo, naapa ningeponea, ningesema kitu kuhusu betri, lakini kwa kile kimya kila mtu sasa alisikia feni ya ile kompyuta, maana ilikuwa imefunikwa na shuka muda wote huo na joto lilikuwa limeifikisha mahali pa kunguruma.

Shosho akainama kidogo. "Na huyu mmemficha hapa chini anakoroma," akauliza, "ni nani?"

Mama Waithera akainua kitambaa.

Ninachotaka mjue ni kwamba hata hapo Mwende alijaribu kuniokoa. Akasema haraka haraka, "Nafikiri Mumbi alitaka kutuonyesha tofauti ya hizi mbili, alikuwa karibu kueleza, si ndio?" Akanikonyeza. Kama ningekuwa na akili ningeitikia ndio, nikae, nile. Lakini kuna kitu kinauma kushinda kushikwa, nacho ni kuokolewa na yule yule uliyekuwa unataka aanguke.

"Usinitetee!" nikapiga kelele. "Kila siku ni Mwende, Mwende, na ni mimi nilikufunza! Mimi ndiye nilishika tochi!"

Hakuna aliyejua ni tochi gani. Pasta akaangalia viatu vyake. Nikajisikia nikisema, sauti ikiwa imeshapasuka, "Ni wivu tu. Nimekuwa na wivu tangu ile Jumapili. Haka kabodi kanashindwa, hakawezi huo mfumo, Mwende aliwaambia ukweli."

Shosho akanivuta kwa mkono. Akaniwekea kabodi mkononi akasema, "Sasa kwa vile umemaliza, kaa chini. Chapati zinapoa." Nikala chapati mbili huku nikilia, na mtu asiwadanganye, kulia na kumeza pamoja ni kazi ngumu.

Kazi alipewa Mwende, na ilikuwa haki. Kwa wiki mbili sikushika simu yake. Siku ya kumi na tano akapanda ngazi mpaka dukani, akasimama mlangoni.

"Mumbi, nimepata skrini ishirini za zamani na nane haziwaki. Mimi nazijua bodi, skrini sizijui."

"Umekuja kunihurumia?"

"Nimekuja kwa sababu haziwaki," akasema, na nikaona amekasirika, mara ya kwanza tangu nimjue. "Na ile siku uliniaibisha pia. Nilikuwa nimekuona wewe ndiye mwalimu wangu. Ulidhani sijawaambia watu ni wewe ulinifunza? Waulize."

Niliuliza. Alikuwa ameambia kila mtu.

Nilitengeneza skrini saba, ya nane ikakataa. Maktaba ilifunguliwa, na watoto walipopiga kelele "Teacher Mwende!" niliuma ulimi, kwa sababu wivu haukutoka siku ile Kitisuru kama jino, ulibaki, ni vile tu sasa naujua kwa jina. Kwa hivyo nimejiapiza hivi: siku nyingine nikimwonea mtu wivu nitamwendea mwenyewe, tukiwa wawili, nimwambie kwa sauti ya kawaida. Itakuwa aibu, najua. Lakini ni aibu ya mtu mmoja, na huyo mmoja huenda akawa alikuwa ananisifu tangu zamani.