Mazao Yasiyozidi Kiuno

Mama yangu hajawahi kumwona baba mkwe wake uso kwa uso, ingawa tangu aolewe viwanja vyao vinapakana hapa mtaa wa Bondeni, mjini Kyela. Kati yao palikuwa na migomba. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hatamki jina lake, na wakikaribia kukutana njiani mwanamke ndiye anayeingia vichakani. Siku hizi mabinti wengi wameiacha desturi hiyo. Hata kanisani walishamwambia mama kwamba kuiacha si dhambi. Aliitikia amina, akarudi nyumbani akaendelea kukwepa.

Mimi mjukuu sina kizuizi. Babu ananiita mke wake, nami namwambia ni mume gani huyu asiyejua kununua hata khanga. Mama akipika mbalaga, yaani ndizi zetu na maharage, mimi ndiye niliyekuwa nazipeleka kwa babu nikipita katikati ya migomba. "Mwambie mama yako, ndaga fijo," alikuwa akisema, na mama alikuwa ameshazisikia shukrani hizo mwenyewe, kwa sababu alikuwa upande wa pili anapalilia. Baba alikwisha kufa zamani. Mama na babu waliishi hivyo, wakitunzana bila kuonana.

Sheria ndogo za mji zilikuwa zinakataza kulima, na sote tulilima. Mara mojamoja mgambo walikuja, wakang'oa mahindi ya watu, wakaondoka, tukapanda tena. Kisha likaja tangazo kwamba sheria zinabadilishwa ili kilimo kiruhusiwe mjini, na wananchi tufike kwenye mkutano wa mtaa kutoa maoni. Nilifurahi kama mjinga. Mama alikuwa na mengi ya kusema, lakini babu alikuwa amewekewa kiti mbele kabisa pamoja na wazee wengine, kwa hiyo mama akabaki nyumbani na kunituma mimi.

Ofisa alisoma kwa sauti nzuri. Bustani za mboga zinaruhusiwa, mazao yasiyozidi kiuno. Mahindi na migomba vitaondolewa kwa kuwa ni maficho ya wezi. Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikasema ndizi ni chakula chetu. Akanijibu kwamba matembele nayo ni chakula, watu wakacheka. Sababu yenyewe haikuwa ya kutajwa pale. Ningesemaje, babu akiwa palepale, kwamba mama anahitaji mahali pa kujificha asimwone? Kulitaja jambo hilo hadharani kungewaaibisha wote wawili. Babu aliinamia fimbo yake. Naamini alijua ninachotaka kusema, na yeye pia hakuweza kukisema. Nilikaa chini na hasira yangu.

Walikuja asubuhi na mapanga. Mgomba hausumbui kukata, ndani ni maji tu. Kufika mchana viwanja viwili vilikuwa uwanja mmoja mweupe, na babu ameketi barazani kwake kama siku zote. Mama alikuwa ndani. Tangu siku hiyo hakutoka tena mchana.

Nilitaka kuweka uzio wa matete, nikaambiwa sheria hizohizo haziruhusu matete mjini. Ukuta wa matofali si wa muuza mchele kama mimi. Basi nikapanda mchicha, kama tulivyoruhusiwa. Mimi nilikuwa nashinda sokoni, na mama, mwenye mkono wa bustani, amejifungia ndani, kwa hiyo ukakauka. Ofisa alipopita kukagua alisema watu wa mtaa huu tulilalamika tunataka kulima, sasa tumeruhusiwa hatulimi. Nikabeba mchele wangu nikaenda sokoni. Kama ningebaki ningemtukana.

Babu aliuona mchicha ule, akajua kwa nini umekauka. Akageuza kiti chake, akawa anashinda akiutazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia mama atoke, mzee amegeuka.

"Mgongo wake nao ni yeye," alisema.

Babu akajaribu kushinda ndani. Joto la bati la Kyela si la mtu wa umri wake, na jioni moja nilimkuta amelala sakafuni anahema. Nilipomnywesha maji hakunitania. Alisema, "Nipeleke Busale kwa baba yako mdogo. Mama yako naye apate jua."

Nyumba ile aliijenga mwenyewe, na bibi alifia humo. Nilimpakia kwenye bajaji pamoja na godoro lake. Hakugeuka nyuma.

Niliporudi mama alikuwa nje, mchana kweupe, jembe mkononi. Nilidhani atanishukuru. Alikuwa amesimama akitazama baraza tupu, mahali ambapo maisha yake yote hakuwahi kuruhusu macho yake yafike.

"Tumemfukuza mzee kwake," alisema, "kwa ajili ya mchicha."