Theluthi Mbili Jumlisha Robo

Nilikuwa mpishi wa shule ya msingi huko Chepseon nilipoamua kufanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Hesabu za nusu na robo nilikuwa nimezisahau kabisa. Nikamwomba mwalimu wa Gredi ya Sita aniruhusu kuketi nyuma kila nikimaliza kugawa uji wa saa nne. Magoti yangu hayakutoshea chini ya dawati, na watoto walicheka wiki nzima huku nikiangalia chini.

Siku moja mwalimu akaniita ubaoni. "Mama, theluthi mbili jumlisha robo."

Nikaandika polepole: kumi na moja juu ya kumi na mbili.

"Sawa kabisa! Mpigieni makofi ya kilo!" Darasa zima likapiga makofi mazito kwa mpigo mmoja.

Nilipofaulu mtihani wa chuo, mwalimu alinitangaza mbele ya shule nzima. Sikuangalia chini.