Mgonjwa Kando ya Meza ya Mafuta ya Zeituni

Mimi nauza kamba za katani minadani. Leo niko Zuzu, keshokutwa Chamwino, na magari yakienda mpaka Kondoa nami huenda, maana ng'ombe wako kila mahali na kila ng'ombe anahitaji kufungwa. Katika kuzunguka huko nimeona watu wengi wakikosana na kupatana, lakini mtu wa kuitunza hasira yake kama Lydia, mke wa Methusela, sijamwona. Mumewe nilimpenda. Yeye nilimwogopa kidogo, na mpaka sasa namwogopa.

Kwao ni kijiji kimoja cha upande wa Chamwino, kijiji cha zabibu. Methusela alikuwa na shamba dogo, lakini sifa yake ilikuwa kupogoa. Msimu ukifika, wenye mashamba walimfuata nyumbani kabla hajanywa uji. Alikata tawi bila kulitazama mara mbili, na mkasi wake hakumwazima mtu. Lydia alipita nyuma yake akikusanya matawi, na walizungumza siku nzima wakiwa wameachana safu mbili, kwa sauti ya juu, utadhani wanagombana. Ndivyo walivyopendana. Wana binti mmoja, Erica, ameolewa Singida, kwa hiyo wenyewe waliitana Baba Erica na Mama Erica.

Methusela alikuwa na presha. Kituo cha afya walimpa vidonge, kimoja kila asubuhi, na kadi ya kliniki ya kila mwezi. Alivimeza miaka mitatu bila kukosa. Alilalamika tu kwamba vinamtoa shambani kila saa kwenda haja ndogo, na mtu mzima kujificha nyuma ya zabibu mchana kweupe ni aibu.

Halafu kwenye mnada wa kijijini kwao akaja Obedi na meza yake. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe, mwavuli mkubwa, chupa ndogo za mafuta ya zeituni zimepangwa kama askari, na spika inayosema maneno aliyojirekodi mwenyewe: presha, moyo kwenda mbio, kifua kubana, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Sisi huku mafuta ya zeituni tuliyajua ya kupakwa. Mchungaji anakupaka kwenye kipaji, mama anampaka mtoto mchanga. Kuyanywa hatukuwa tumesikia. Lakini kitu kilichotajwa kanisani, nani atakishuku?

Kamba zangu siku hiyo zilikuwa jirani na meza yake, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mzee, jina lako nani?"

"Methusela."

"Aah! Wewe una miaka mia tisa na sitini na tisa tayari. Mimi nakuongezea oili tu kwenye injini."

Methusela akacheka sana. Akauliza, "Na vidonge vyangu je?"

"Vidonge vya nini tena, mzee? Vile ni kemikali. Haya yamo kwenye Biblia. Wenzetu huko yanakotoka wanakunywa haya, wanazikwa wana miaka mia. Vile vidonge wape kuku."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Siwezi kulificha hilo, maana Methusela alimsimulia mkewe, na Lydia hajalisahau.

Methusela alinunua chupa moja, akarudi kununua nyingine, zikafika tisa. Alijisikia vizuri, na kwenda haja kila saa kukakoma. Vidonge vilibaki kwenye kopo la majani ya chai. Mwezi wa nne wa mambo hayo, wako shambani, Lydia nyuma anamsimulia harusi ya jirani, akamuuliza swali. Hakujibiwa. Akauliza tena kwa sauti. Alipozunguka safu ya pili alimkuta amelala chini, mkasi bado mkononi, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa siku ile.

Aliporudi kutoka hospitali hakuweza kusema maneno matatu yakaeleweka. Lydia akachukua chupa iliyobaki, akaenda nayo kituo cha afya, akaibamiza mezani kwa nesi anayeitwa Miriam.

"Pima hii sumu. Uniandikie karatasi niende nayo polisi."

Miriam akaifungua, akanusa, akamimina tone kiganjani. Akasema, "Mama, hii si sumu. Haya ni mafuta ya zeituni kweli, na ni mazuri kwa moyo. Mimi ningekuwa na uwezo ningepikia kila siku."

Lydia alinisimulia haya mwenyewe. Anasema alitamani kumpiga yule binti.

Miriam hakuogopa. Alimweleza kwamba watu wanaopikia mafuta haya badala ya mafuta ya mgando au samli, wakala na mboga na dengu, wamechunguzwa na mioyo yao imeonekana kuwa na nafuu. Hata mafuta ya alizeti ya hapa kwetu si mabaya. Lakini hicho ni chakula. Presha ya Baba Erica ilikuwa imeshikiliwa na kidonge, na kidonge kilipoachwa hakukuwa na cha kuishika. "Mafuta hayajamwangusha, mama. Kilichomwangusha ni lile neno la kuacha dawa."

Lydia akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akamuuliza kama Obedi alimkaba mumewe akamnywesha kwa nguvu. Akasema hapana. Mtendaji akafunga daftari.

Basi alirudi nyumbani, na mnada uliofuata akatokea akiwa juu ya guta la mizigo la magurudumu matatu, Methusela amefungwa kwa khanga asianguke, na stuli mbili. Aliziweka kando kabisa ya meza ya Obedi, chini ya mwavuli wake, akamkalisha mumewe, naye akakaa.

"Shikamoo mama," Obedi akasema. "Karibu. Leo nikupe ngapi?"

"Nimekuletea mteja wako."

Obedi akamtazama Methusela, na nadhani hapo ndipo alipomtambua, kwa sababu alizima spika.

"Usizime," Lydia akasema. "Washa, watu wasikie. Mimi sikuja kukuharibia, nimekuja kukusaidia kutangaza."

Na kweli alitangaza. Kila aliyesogea alimkaribisha kwa adabu zote. "Karibu baba. Mafuta haya ni mazuri mno kwa moyo, hata nesi amesema. Huyu mume wangu amekunywa chupa tisa. Moyo wake huo hapo, mzima, weka mkono uusikie. Kilichokufa ni upande huu tu. Baba Erica, msalimie mteja mwenzako."

Methusela alijaribu kusalimia. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mteja akarudi nyuma, akaondoka bila kuaga.

"Mama, unanimaliza," Obedi akasema kwa sauti ya chini.

"Nimesema uongo gani?"

Obedi akaanza kukusanya chupa zake.

Mnada uliofuata alihamia upande wa pili, karibu na wauza viatu. Lydia akamfuata. Obedi alikwenda Zuzu, akamkuta Lydia ameshateremka anakung'uta vumbi kwenye koti la mumewe. Wenye magari ya mnadani walimbeba bure, wengine kwa huruma, wengine, sema ukweli, kwa kutaka kuona mwisho. Watani wakampa Obedi jina la Bwana Harusi, kwa vile kila aendako anasindikizwa.

Kuna jambo moja lilinisumbua. Methusela alikuwa akidondokwa mate upande wa kulia, na nyumbani Lydia alimfuta kila mara, alikuwa na kitambaa maalumu begani. Mnadani, mteja akikaribia, hakumfuta. Aliyaacha mate yashuke mpaka kwenye shati, mteja ayaone, aondoke, ndipo amfute. Nikamwendea.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyu ni mumeo. Mfute."

"Babu, kamba zinauzika?"

"Zinauzika kidogo."

"Basi kaziuze. Siku ile ulipokuwa unacheka, nani alikwambia umfute?"

Nikarudi kwenye kamba zangu. Methusela alikuwa amesikia. Alinitazama kwa jicho lake la kushoto, lile lililobaki zima, na sikuweza kujua kama ananishukuru au anataka niwaache. Nimelifikiria jicho hilo sana. Huwa nalifikiria nikiwa nasokota kamba, kazi yenyewe haitaki akili nyingi.

Mwisho tukafika Busi, mbali huko Kondoa, ambako Obedi alidhani Lydia hatafika. Tulifika wote kwa gari moja, Lydia na mumewe mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya mizigo. Obedi alipotuona hata meza hakuifungua. Alikuja akachuchumaa mbele ya Lydia. Amekonda, shati lile jeupe limefubaa kola.

"Mama, nakuomba. Nitamgharamia mzee mazoezi ya viungo. Nitampeleka mjini mwenyewe. Niambie unataka nini."

"Spika."

"Spika?"

"Maneno yako yaliingilia humo. Yatokee humo."

Obedi akaichukua, akabonyeza, akarekodi: kuna mzee mmoja aliacha vidonge akapata bahati mbaya, kwa hiyo wateja muwe makini.

"Futa," Lydia akasema. "Mzee mmoja ana jina. Na bahati mbaya ni kukanyaga mwiba. Futa, anza upya."

Akafuta. Akarekodi kwamba Methusela aliacha vidonge mwenyewe kwa kutoelewa.

"Alielewa vizuri sana. Alikuuliza, ukamjibu. Huyu babu wa kamba alikuwepo. Babu, alisema wape nani?"

Watu walikuwa wameshajaa. Sikupenda kuingizwa, lakini niliulizwa mbele ya watu, na nilikuwepo kweli. "Wape kuku," nikasema.

Mara ya tatu Obedi alisema huku machozi yanamtoka, nayo ndiyo iliyobaki kwenye spika: "Mimi Obedi nilimwambia Methusela, fundi wa zabibu, awape kuku vidonge vyake vya presha. Nilisema uongo. Akapata kiharusi. Mafuta haya ni chakula kizuri, yapikie, yaweke kwenye mboga. Dawa ya presha usiache, kamuulize daktari."

Lydia akamwamuru aiwashe, ikalia. Nilidhani watu watatawanyika. Haikuwa hivyo. Mama mmoja wa Kirangi alisikiliza mara mbili, akasema, "Huyu angalau anasema ukweli. Nipe moja ya kupikia." Akaja mwingine. Mpaka saa nane Obedi alikuwa ameuza kuliko alivyouza mwezi mzima.

Nilimtazama Lydia. Alikuwa amekunja ngumi mapajani, anahesabu kila chupa kwa macho. Alikuwa amemfuata mtu huyu kumwangusha, na sasa amemsimamisha. Obedi naye alianza kuchangamka, akamwita mteja "mrembo". Akakumbuka, akarudi kupanga chupa.

Jua lilipoinama akamjia tena, mpole. "Mama, nimesema. Tumemalizana?"

"Umesema Busi," Lydia akamjibu. "Busi hukuwahi kumdanganya mtu. Utarudi Zuzu useme, na Chamwino useme, na pale penye meza yako ya kwanza useme mara mbili. Kila ulipouzia yale maneno yako. Na sisi tutakaa kwenye stuli zetu tukisikiliza kama spika inatoa vizuri."

"Mama, huko itanichukua miezi."

"Yeye itamchukua mingapi?"

Gari lilikuwa linapiga honi. Safari hii mbele kwa dereva kulikuwa kumejaa, ilibidi Methusela apandishwe nyuma, na Lydia akawazuia wapakiaji wawili waliokuja kusaidia. Akamwashiria Obedi. Obedi akaweka mwavuli chini, akaja, akamshika Methusela mkono wa kushoto, ule mzima.

"Siyo huo," Lydia akasema. "Huo wangu. Wewe shika wa kulia."

Obedi akazunguka. Akauinua ule mkono uliokufa, akauzungushia shingoni mwake, ukateleza, akauinua tena. Mate yakamshukia begani, kwenye shati. Hakuthubutu kujifuta. Wakampandisha hivyo, mmoja huku, mmoja huku, mimi juu nikiwapokea.